Mikono Mitatu

…acha mkia, usiukate mkia, mkia, mkia, utadhani ameshika panya na si uzi, na mkia wenyewe ndio huu, wa njano, unaning'inia ubavuni mwa sweta, na huu wa buluu ndio mgeni, umetoka dukani jana na bado una maringo, haulali unapolazwa, sasa upi unapita juu na upi chini, ameshaambiwa, ameambiwa jana na ameambiwa tena sasa hivi na mkewe aliyekaa pale kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, mto juu ya mapaja, naye akaitikia "nimeelewa" kwa sauti kabisa ya mtu aliyeelewa, kumbe hajui hata uzi upi unatangulia na upi unangoja, mtu mzima na mvi zake, fundi umeme wa kutajwa, ametandaza nyaya kwenye majumba ya ghorofa, ameunga kebo nene juu ya ngazi kwenye manyunyu huku watu wanamzomea kutoka chini wanataka mwanga, na leo kiuzi cha sufu, kiuzi kisichoweza hata kumtekenya mtu, kinamtoa kijasho chembamba. "Chomeka sindano kwanza," anasema mkewe. "Nimechomeka." "Hujachomeka, umegusa." Haya, amegusa, sasa amechomeka, mpaka ndani, akauzungusha ule wa buluu kwenye ncha kama alivyoelekezwa, akauvuta upite, ukapita, afadhali, na papo hapo kitanzi chenyewe kikalegea, kikaachama, tundu hilo, mtoto angepitisha kidole… maana hapo ndipo penye kasheshe, mkono mmoja sindano, mkono wa pili sindano, na hiyo mikia miwili, wa zamani na wa mpya, inashikwa na nani wakati kitanzi cha kwanza kinakazwa, malaika? Mkewe anasema ibane kwa kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho cha fundi hakikunjiki tangu siku ngazi ilipoteleza naye yuko juu, kimesimama kama msumari, hakibani kitu, alimwambia hivyo, mkewe akasema basi tafuta namna, na namna aliyoipata ni meno, ameing'ata mikia yote miwili, sufu juu ya ulimi, ladha ya blanketi lililolowa, na akiulizwa neno hana budi kujibu kwa pua. "Utamvika mjukuu wangu mate," anasema mkewe. "Mh," anasema fundi. "Na usivute kwa nguvu, huvuti gari." "Mh-mh." Simu inatetemeka mezani, inajisogeza yenyewe kuelekea ukingoni, ni mwenye duka la mikate, tanuri lake limezimika tangu asubuhi na unga umeshakandwa, fundi amemwambia nakuja, niko njiani, na njia yenyewe ndiyo hii hapa, amekaa kwenye kiti kifupi sebuleni kwake, magoti yamefika kifuani, sweta la kichanga mkononi.

Na hata hii safari ni ya ngapi, hataki kuhesabu, maana mara ya kwanza haikuwa hata habari ya rangi, uzi wa njano uliisha tu katikati ya kazi, donge limekwisha, chukua donge jingine, njano kwa njano, unga uendelee, ndivyo alivyosema mkewe kisha akageuka kutazama dirishani, sasa ukimwambia fundi umeme unga, yeye ataunga, si ndiyo kazi yake, akaleta plaisi kutoka kwenye mkoba, akazichambua zile ncha mbili zikae mafungu mafungu, akazisokota pamoja kuelekea kulia kama inavyotakiwa, barabara, akakunja, akaibana jointi ikakaa, jointi ambayo ungeitundikia taa ya uwanjani, na alikuwa ameshakata tepu nyeusi kwa meno ndipo mkewe alipogeuka. Akacheka. Tangu arudi kutoka hospitali alikuwa hajacheka, mdomo bado ulikuwa umevutwa kidogo upande mmoja, kwa hiyo kicheko nacho kilitoka upande, lakini kilikuwa kicheko, alicheka mpaka machozi, "tepu! anamfunga mtoto tepu!", na fundi akajifanya amekasirika, akanuna, akairudisha ile tepu mkobani taratibu ili mkewe aendelee kucheka. Baadaye akafunga fundo, fundo la kiume, akakata mikia yote karibu kabisa na fundo, tii, kwa sababu kwake yeye mkia ni uzembe, kijana akiacha waya umechomoza ukutani unamfukuza kazi siku hiyohiyo, mikia ndiyo inayounguza nyumba za watu… basi kumbe sufu haina akili za waya, sufu inateleza, inajinyonganyonga na kujitoa, kulipokucha fundo lilikuwa limeachia na mistari imeanza kufumuka, tundu linakimbia chini kama linafukuzwa, na mkewe akamfumulisha yote, yote, arudishe uzi kwenye donge, aanze. Mkia ndio uhai wake, akasema, utaufichia ndani mwishoni kwa sindano nene, lakini kwanza uwepo. Tangu siku hiyo wimbo ni huo. Usiukate mkia.

"…akasema vifungo vya mbao havifai, mtoto ataving'oa avimeze," mkewe anaendelea kule kochini, anamzungumzia binti yao, binti ambaye tumbo limeshamtangulia mlangoni na ambaye kila akipiga simu husema mama msihangaike, masweta yamejaa madukani, "nikamwambia dukani ni dukani, hili ni la kwetu, wewe tulia ulee mimba yako…" na fundi anasema "mh" na kufumua kile kitanzi kilichoachama, arudi mwanzo wa mstari, maana rangi inabadilishwa mwanzo wa mstari na si katikati, angalau hilo limemwingia, na hivi ni nani aliyeamua rangi zibadilishwe, si lingekuwa la njano tupu, mtoto anajua nini, mtoto wa siku moja haoni hata pua yake, lakini hapana, mkewe alishalipanga kichwani, njano, kisha mstari mpana wa buluu kifuani, kisha njano, alikuwa amelipanga kabla, amekaa palepale, sindano zinagongana ta-ta-ta-ta, hakuwa akiziangalia hata, alikuwa anaweza kufuma huku anamgombeza mtu, huku anatazama taarifa ya habari, na fundi alikuwa akilalamika, hebu punguza hizo ta-ta-ta mama, sisikii habari, na siku ile alikuwa amempa mgongo, amechuchumaa anabadilisha soketi pale ukutani, ta-ta-ta, halafu kimya. Kimya cha kumaliza mstari anakijua, ni kifupi, mtu anageuza kazi na kuendelea. Kile hakikuwa kifupi. Aligeuka na sindano ya kulia ilikuwa imeshaanguka sakafuni, na mkewe anaiangalia, anaiangalia kwa mshangao kama mtu aliyesalitiwa na rafiki… basi, basi, yamepita, wakafika hospitali mapema, daktari mwenyewe alisema kiharusi mmekiwahi, ulimi ukarudi, mguu ukarudi, ulimi ulirudi na riba, mtu mwenye ulimi ule huwezi kusema anaumwa. "Hunisikilizi." "Nakusikiliza." "Nimesema nini?" "Vifungo." "Hayo ni ya zamani. Nimesema ukishamaliza hilo, kapu lote la nyuzi liweke chumbani kwako, na zile sindano nyembamba pia, mimi zinanijazia nafasi tu hapa, na yule dada wa mazoezi nimeshamwambia asije tena, anajisumbua bure na jua hili, halafu njano iliyobaki utafuma soksi, soksi hazitaki ufundi, kisigino tu ndicho nitakuelekeza…" "Mh," anasema fundi, mikia imerudi menoni, soksi, eti soksi, sweta lenyewe limemtoa roho huyu anaota soksi, na huko kazini wameshaanza, majuzi kijana mmoja alimwokotea unyoya wa njano kwenye suruali akauliza mzee mnafuga paka, akasema ndiyo, tunafuga, sasa kila asubuhi paka hajambo mzee, paka amezaa, paka wa njano hawaonekani siku hizi, mzee tutunzie mmoja, na Ijumaa walimletea kichwa cha samaki kwenye mfuko, akakipokea, afanyeje, akasema asante, paka atafurahi…

…asije tena. Amesema asije tena. Nani asije? Sindano imesimama nusu ndani ya kitanzi. Hainui kichwa, hathubutu, anajifanya anauchunguza uzi, yule dada wa mazoezi, yule msichana mwenye raba nyeupe anayevua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue, aliyeleta kile kimpira cha sponji, minya mama, minya tena, kidogo tu, aliyesema mkono haujafa mama, umesahau tu, tuukumbushe, na mkono ulikuwa unakumbuka, fundi alishuhudia kwa macho yake, kidole gumba kilisogea, si kwa kuwaziwa, kilisogea kikagusa cha shahada, yeye akakimbilia nje kama mwehu, akarudi ndani kwa sababu hakujua huko nje alitaka kumwambia nani. Na hicho kimpira kiko wapi siku hizi? Kiko dirishani, nyuma ya pazia, anakiona kwa pembe ya jicho, kimekauka kikashika vumbi. Tangu lini? Na huo mto. Tangu lini mkewe anakaa na mto mapajani na mkono wa kulia chini yake, mchana kutwa, wageni wakija anauzungumzia mto, oh unanipa joto, joto gani na jua lote hili, watu wanajipepea. Tangu lini… tangu siku aliposema umeiva. Ndiyo, ndipo hapo hapo. Fundi alikuwa amemaliza mgongo wa sweta, mistari imenyooka, hakuna tundu, akampelekea, naye akaupapasa kwa mkono wa kushoto, akasema, "Umeiva, fundi. Hii imetulia kuliko hata yangu." Mwanamke huyu! Ambaye katika ndoa yote sifa yake kubwa ni "si mbaya", amejengewa nyumba akasema si mbaya, leo anasema umeiva, na yeye bwege akavimba kichwa, siku nzima alitembea kama aliyepewa cheo, hakujiuliza hata, hakujiuliza kwamba mtu husema hivyo anapokabidhi ofisi. Anakabidhi! Kapu liweke chumbani kwako, sindano ziwe zako, dada asije, nitakuelekeza kisigino, anamwachia kazi kama mtu anayestaafu, na fundi wa kutajwa anaitikia mh, mh, na mikia mdomoni. Yeye alidhani anamshikia nafasi tu, kama unavyomshikia mwenzako nafasi kwenye foleni, nenda ukanywe maji nipo hapa, kumbe mwenzake alishajiendea zake nyumbani. Kila mstari alioupatia, kumbe kila alipopatia, mkono ule uliingia chini zaidi ya mto. Angekuwa bado anafunga matepu, pengine mkewe angenyanyuka kwa hasira amnyang'anye.

Sasa afanye nini, agombe? Anagomba kichwani tayari, maneno yamejipanga, kwa nini hukuniambia, unajiamulia peke yako, mkono ule si wako peke yako, ndiyo, si wako peke yako, ndio uliolea watoto wangu, ndio ulionishika shati siku ya mazishi ya mama nisianguke, lakini anajua yatakavyokwenda, atasema neno moja na mkewe atasema "nimechoka", basi, hapo atakuwa amefunga duka, utagonga mpaka uchoke. Alishajaribu wiki iliyopita, fanya mazoezi mama, akajibiwa fanya yako. Au aharibu makusudi, apinde mistari, aache matundu, arudi kuwa mjinga? Hawezi, mkewe anayajua makosa yake kwa sauti, akikosa kwa hila atajua, na isitoshe roho haimruhusu, sweta limependeza, limependeza kweli, na mtoto hasubiri mtu. Simu tena. Mikate. Iungue hiyo mikate… haiwezi kuungua, tanuri halina moto, haya, isiungue basi, ioze. Amekasirika mpaka masikio yanamwaka, na asichojua ni amekasirikia nani, msichana wa raba nyeupe aliyekubali kirahisi hivyo kutokuja, sufu, kidole chake kisichokunjika, mkewe anayesema "umelala? vuta sasa, kaza," na bado mikono ni miwili, sindano mbili, mikia haina mtu, hii kazi bwana inataka mikono mitatu, aliyeibuni alikuwa na mikono mitatu… na humu ndani mna mingapi? Yule msichana alisema minne. Mkewe anasema mitatu. Anaitema mikia. Anajifuta mdomo kwa bega.

"Nishikie hapa," anasema.

"Nini?"

"Hii mikia. Meno yameniuma. Nishikie kitanzi cha kwanza kikaze."

Mkono wa kushoto ukaja mara moja, upesi, upesi mno, kama ulikuwa unangoja kutumwa kabla mwingine hajatajwa, vidole tayari vimefunguka. Fundi hakuupa kitu. "Siyo huo," anasema, na sauti yake anaisikia imetoka vibaya, kali, haikutoka kama alivyoitaka, "huo mwingine."

Mkewe akamtazama. "Unanichokoza?"

"Kazi yenyewe ni kushika tu. Hata ukilegeza nitafuma."

"Una wazimu wewe, mwanamume. Nenda kwa watu wako wa mikate."

"Siendi," anasema, na hapo anategemea afungiwe duka, anangoja lile neno, nimechoka, ameshakaza shingo kulipokea, na haliji, mkewe ameuinamia ule mto, anauangalia kama kuna mtu amelala chini yake ambaye hataki kumwamsha, kisha anasema, polepole, bila ule utani wake, "Naogopa usitoke." Nini kisitoke, alitaka kuuliza, ujinga huo nusura umtoke. "Mimi mkono ambao sijautuma naweza kuishi nao," anasema mkewe. "Nauambia wewe pumzika, wenzako wanafanya. Yule binti akija ananiambia utume, utume, naye ni mgeni, ukikataa mbele yake ni sawa, anaondoka. Sasa wewe. Ukikataa mbele yako mimi nitauweka wapi?" …na hapo ile hasira, yote aliyoilimbikiza tangu asubuhi, ya sufu na ya simu na ya soksi, ikamkimbia, aliitafuta aishike hata pindo akaikosa, kwa sababu alikuwa amejiandalia mtu mvivu, amejiandalia mtu aliyekata tamaa, mkaidi, mwenye hila, hao wote angewaweza, hakuwa amejiandalia mtu mwenye woga, na zaidi hakuwa amejiandalia kwamba anayeogopwa ni yeye, macho yake yeye, uso wake utakavyokuwa mkono ukishindwa, mkewe ameuficha mkono mumewe asije akausikitikia. Na kweli, angefanya uso gani? Anaujaribu pale pale, uso usio na huruma, uso wa kazi, hajui kama umekaa sawa, pua inamwasha. Kila neno linalomjia ulimini ni la uongo, utatoka tu, usiogope, mambo yatakuwa mazuri, maneno ya watu wanaokuja na matunda hospitali. Simu imetetemeka mpaka imeanguka chini, bado inanung'unika kwenye zulia. Kitanzi cha kwanza bado kimeachama, tundu lilelile, wala rangi haijabadilika bado, njano inaishia hapa na buluu haijaanza. Hakuing'ata tena mikia. Aliichukua kwa vidole, wa njano na wa buluu pamoja, akaiweka juu ya mto, upande wa kulia, akakivuta kiti chake mpaka magoti yakagusana na ya mkewe, akainamisha macho kwenye sindano ili mkono ukitoka au usipotoka asiuangalie, akangoja.